PADRI DAMIANO WA MOLOKAI, MUTU ALIYESHIKA PAHALI PA WENZAKE

Mapadri wetu walipogawa kazi za kitabu hiki cha yubile, wengine walipewa kuandika historia ya parokia, wengine majina ya wakatekista wa kwanza, wengine mambo ya korali na ya Legio Maria. Sisi tuliombwa kuandika maisha ya mukristu mumoja wa zamani aliyewatanguliza wengine mbele ya nafsi yake. Ndugu kadhaa walitumaini kwamba tutamuchagua Mwenye Heri Anuarite au Mwenye Heri Isidori Bakanja, nao ni wa inchi yetu na hatuwasahau. Tumemuchagua Padri Damiano De Veuster, na sababu yake tunaiungama hapa bila kuificha.

Katika seminari ndogo tulikuwa tukila kimya, mwenzetu mumoja akisoma kitabu kwa sauti. Mwaka wa 1995, Papa Yohane Paulo wa Pili alipomutangaza Damiano kuwa Mwenye Heri, tulisomewa maisha yake kwa Kifaransa. Tulikuwa vijana, tulipenda merikebu na milima na hatari, na sahani zetu zilipoisha tulisahau. Miaka ilipita. Siku moja ya Ijumaa Kuu, katika kapela moja ya vijijini, tulikuwa tumeshika musalaba ili waamini waubusu. Wa mwisho kabisa alikuja muzee mumoja mwanamuke, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeliwa na ukoma wa zamani. Alikuwa amekwisha kupona, munganga alikuwa ametuambia hivyo mara nyingi. Hata hivi, alipoinyosha mikono yake kushika musalaba, mikono yetu sisi ilirudi nyuma kidogo. Yeye aliona. Alibusu musalaba, akaenda kukaa pahali pake karibu na mulango. Tangu siku ile tumesoma tena maisha ya Damiano kwa macho mengine.

Joseph De Veuster alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, inchi ya Ubelgiji, si mbali na muji wa Leuven. Baba yake alikuwa mulimaji na mufanya biashara ya nafaka, na Joseph alikuwa mutoto wake wa saba. Muzee alitaka kijana huyu arizi biashara, akamutuma Braine-le-Comte ajifunze Kifaransa, maana kwao walisema Kiflama. Lakini dada zake wawili walikuwa wameingia utawa, na mukubwa wake Auguste alikuwa katika Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yezu na Maria, lile ambalo watu huliita la Picpus. Huko alipewa jina la Pamphile. Mwaka wa 1859 Joseph alimufuata, akaitwa Damiano. Wakubwa walimupokea awe fureri tu, si padri, kwa kuwa hakujua Kilatini. Pamphile akaanza kumufundisha maneno machache machache, na mwanafunzi alikamata upesi hata wakubwa wakabadili shauri. Sisi tuliosumbuliwa na Kilatini miaka mizima tunamuonea wivu kidogo.

Tarehe 7 Oktoba 1860, mujini Paris, aliweka nadiri zake. Kwa desturi ya shirika lao alilala kifulifuli chini, na juu yake wakatandika kitambaa cha mazishi, kuonyesha kwamba mutu wa zamani amekufa. Damiano alikikumbuka kitambaa kile maisha yake yote.

Sasa tuangalie jambo linalotupasa kuangalia zaidi. Katika maisha ya mutu huyu, kila njiapanda ilikuwa pahali pa mutu mwingine palipobaki wazi, naye akaingia pale. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa 1863. Pamphile, aliyekuwa amekwisha kupata upadri, alichaguliwa kwenda visiwa vya Hawaii, ambavyo wakati ule vilikuwa ufalme katikati ya bahari ya Pasifiki. Nauli yake ilikuwa imelipwa. Lakini homa ya tifusi ilishika muji wa Leuven, Pamphile akaenda kuwaangalia wagonjwa, akaanguka yeye mwenyewe. Damiano alikuwa na miaka 23, bado hajapewa upadri. Aliandika barua moja kwa moja kwa mukubwa wa shirika kule Paris, pasipo kupitia kwa mukubwa wa nyumba yake, akiomba apewe nafasi ya ndugu yake katika merikebu. Alikubaliwa.

Tusiharakishe kumusifu. Kijana huyu alikuwa na hamu yake mwenyewe. Siku nyingi alikuwa akiomba mbele ya picha ya Mutakatifu Fransisko Saveri ili atumwe mbali. Na njia aliyopita juu ya kichwa cha mukubwa wake, hata sisi wakatekista tungekaripiwa kwa ajili yake. Tena Pamphile alipona, naye akabaki Ubelgiji na vitabu vyake, akijua kwamba merikebu yake imeondoka na mutu mwingine. Tunasema haya kwa sababu wako wakristu wanaongoja moyo wao uwe safi kabisa mbele ya kuanza kuwatumikia wengine, na hao huzeeka wakingoja.

Damiano alifika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, siku kuu ya Mutakatifu Yosefu, na tarehe 21 Mei akapewa upadri katika kanisa kuu la muji ule. Alitumwa kwanza katika wilaya ya Puna, kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii. Karibu yake, padri Clément Evrard alikuwa na wilaya ya Kohala na Hamakua, kubwa kuliko Puna na yenye mabonde makali, na nguvu zake hazikutosha. Damiano akabadilishana naye. Hiyo ni mara ya pili. Alikaa kule miaka minane, akipanda milima kwa farasi na kwa miguu, akijenga makapela kwa mikono yake, mbao begani.

Katika miaka ile ukoma ulikuwa ukienea katika visiwa. Magonjwa mengi yaliyoletwa na wageni yalikuwa yamekwisha kupunguza wenyeji vibaya sana, na serikali iliogopa. Mwaka wa 1865 sheria ilitolewa ya kuwatenga wenye ukoma, na tangu Januari 1866 wakaanza kupelekwa katika kisiwa cha Molokai, pahali panapoitwa Kalawao. Ni inchi ndogo iliyotokeza baharini: pande tatu maji, upande wa ine ukuta wa mulima wenye urefu wa zaidi ya mita 500. Hapakuwa lazima ya kujenga gereza. Aliyepelekwa pale aliagana na watu wake kama maiti. Hata hivi, waume na wake wengine wasio wagonjwa walikubali kuingia pamoja na wapenzi wao ili wawatunze. Wenyeji waliwaita kwa neno lao kokua, yaani wasaidizi. Hao walitangulia mbele ya padri ye yote, na majina yao hayakuandikwa juu ya altare. Tumeona ni haki tuwataje.

Mwezi wa Mei 1873, mapadri walikutana Wailuku, kisiwa cha Maui, kwa kubariki kanisa jipya. Askofu Maigret aliwaeleza kwamba wakristu wa Kalawao wanaomba padri wa kukaa nao, lakini yeye hawezi kumuamuru mutu kwenda kule. Mapadri wane walijitoa, na shauri likawa kwamba watapokezana, kila mumoja zamu yake ya majuma machache. Damiano akashika zamu ya kwanza. Aliondoka na Askofu katika merikebu ileile iliyochukua wagonjwa, na tarehe 10 Mei alishuka Kalawao. Alikuwa na miaka 33. Zamu yake ilipokaribia kuisha, aliandika kuomba aachwe pale, na wale wenzake watatu hawakuitwa tena. Mara ya tatu, basi, alishika pahali pa watu watatu pamoja, na zamu ile ikaendelea karibu miaka 16. Mwaka ule ule, tunaona vema kuongeza, munganga Hansen wa Norvège aliona kwa mara ya kwanza mududu anayeleta ukoma. Lakini dawa ya kweli ilikuwa bado mbali sana.

Palikuwa kanisa dogo la Mutakatifu Filomena, lakini hapakuwa nyumba ya padri. Siku za kwanza alilala inje, chini ya muti. Wagonjwa waliishi katika vibanda vya majani, wengi wakisongana pamoja. Wenye nguvu waliwanyanganya wanyonge chakula, wengine walipika pombe ya mizizi na kulewa. Harufu ya vidonda ilikuwa kali hata mara nyingi alitoka inje ya kanisa apumue, ndipo akaanza kuvuta tumbako ya kiko ili harufu ile isishike nguo zake. Katika kanisa alitoboa matundu kwenye mbao za chini, kwa kuwa wagonjwa walilazimishwa na ugonjwa kutema mate kila mara na waliona haya kuingia. Twaona hapa kwamba alianza na haya yao. Hakungoja wapate kuwa wasafi ndipo waje kusali. Alitafuta patasi akatoboa mbao.

Wakubwa walikuwa wamemuonya asiwaguse. Lakini namna gani kumupaka mugonjwa mafuta matakatifu bila kugusa miguu yake? Namna gani kumupa Ekaristi Takatifu mutu asiye na midomo? Damiano aliwagusa. Aliwafunga vidonda, alikula nao katika chungu kimoja, kiko chake kilizunguka mikononi mwao. Waganga walisema kwamba alikosa busara, na leo, tukiwa na maarifa ya usafi, hatuwezi kuwahukumu waganga wale kuwa wamekosa kabisa. Twajua tu kwamba padri mwenye kula peke yake hangaliweza kusema neno alilolisema. Maana tangu miezi ya kwanza, akiwa muzima wa mwili, akihubiri hakuwaambia ninyi wenye ukoma, alisema sisi. Wasikilizaji wake walikuwa watu waliokwisha kuondolewa katika kila sisi ya dunia: sisi ya jamaa, sisi ya kijiji, sisi ya inchi.

Kazi za mikono hazikuwa na mwisho. Mwaka wa 1874 upepo mukali uliangusha vibanda. Aliomba mbao kwa serikali, akashika nyundo, na pamoja na wagonjwa wenye vidole akajenga nyumba ndogo zilizoinuliwa juu ya udongo. Maji yalikuwa mbali, na wagonjwa waliyachota kwa shida kubwa. Alipanda bonde la Waihanau, akaona kule shimo la maji lisilokauka, akaomba mabomba, na maji yakafika hata kati ya nyumba. Alikusanya mayatima, akajenga nyumba ya wavulana na nyumba ya wasichana. Alifundisha nyimbo. Alianzisha kikundi cha kuabudu Ekaristi muchana na usiku. Mwenye zamu asipoweza kutembea, alitimiza saa yake akiwa kitandani. Tena alichonga masanduku ya maiti, maana mbele yake wengi walizikwa wakiwa wamefungwa kitambaa tu, na nguruwe walifukua makaburi. Alichonga mamia. Alichimba makaburi pia, na jioni alikaa karibu nayo akisali rozari.

Kulikuwa jambo moja ambalo hakuweza kulifanya mwenyewe: kujiondolea dhambi. Mwaka ule wa 1873 serikali ilimukataza kutoka katika inchi ya wenye ukoma. Mukubwa wake alipokuja kwa merikebu ili amuungamishe, kapiteni hakumuruhusu kushuka, wala Damiano hakuruhusiwa kupanda. Basi alisimama katika mashua chini ya merikebu, akaungama dhambi zake kwa sauti kubwa, kwa Kifaransa, watu wakisikiliza juu. Sisi tunaolalamika kwa sababu ya mustari murefu mbele ya kiti cha kitubio, tufikiri kidogo juu ya mashua ile.

Haifai kumuchora kama malaika. Alikuwa mukali, mwenye kichwa kigumu, na hasira yake ilijulikana. Aliwafukuza walevi kwa fimbo. Mapadri wawili waliokuja kwa zamu zao kukaa naye kisiwani hawakupatana naye, na kosa halikuwa la upande mumoja tu. Aliwaandikia wakubwa wake na watu wa serikali akiomba mbao, dawa, nguo, masista, mwenzake wa upadri, akaomba tena, hata wengine walichoka na barua zake. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalipoanza kumutaja, na fedha zikatumwa, hata kutoka kwa Waanglikani wa London, wengine katika shirika lake walinungunika kwamba anajitafutia sifa. Jambo hili lilimuumiza kuliko vidonda. Tunajua sote, tuliofanya kazi katika parokia, jinsi inavyouma kushitakiwa kiburi na watu wa nyumba moja.

Mwezi wa Desemba 1884 aliweka miguu yake katika maji ili apumuzishe uchovu wa safari. Maji yalikuwa ya moto sana. Ngozi ikafanya malengelenge, naye hakusikia maumivu. Alielewa. Mwanzo wa mwaka uliofuata waganga walihakikisha. Neno lile sisi, alilokuwa akilisema miaka kumi na moja, likawa sasa neno la mwili wake. Hakutengeneza hotuba mpya.

Lakini mwalimu huyu wa kutumikia alipaswa kujifunza somo alilolijua kidogo: kutumikiwa. Mwaka wa 1886 alifika Mumarekani mumoja, Joseph Dutton, askari wa zamani aliyetaka kufanya kitubio kwa maisha yake ya kale, naye akafunga vidonda vya wagonjwa na vya Damiano. Mwaka wa 1888 alikuja padri mwenzake wa Ubelgiji, Lambert Conrardy, na mwezi wa Novemba wa mwaka ule Mama Marianne Cope pamoja na masista wenzake Wafransisko. Damiano aliwapokea kwa furaha, na bado aliendelea kupanda juu ya paa la kanisa akipigilia misumari kwa mikono iliyovimba, kana kwamba hakuamini kwamba wengine wataweza. Kuachilia nyundo kulimugharimu. Pamphile naye alikuwa ameitwa mara nyingi kwa barua aje Molokai. Hakuja.

Damiano alikufa siku ya Jumatatu ya Juma Takatifu, tarehe 15 Aprili 1889, akiwa na miaka 49. Walimuzika chini ya muti uleule aliolala chini yake siku za kwanza. Muchungaji mumoja wa Honolulu aliandika kwamba padri huyu alikuwa mutu muchafu na kwamba ugonjwa wake ulitokana na uzinzi; mwandishi Robert Louis Stevenson, asiye mukatoliki, aliyekuwa amefika Kalawao na kuwauliza waliomujua, alimujibu mwaka wa 1890 kwa maneno makali. Mwaka wa 1895 Pamphile, sasa muzee mwenye elimu kubwa, alifika hatimaye Molokai kushika kazi ya mudogo wake. Maisha ya kule yalimushinda, akarudi Ubelgiji. Hatumucheki. Labda wengi wetu ni Pamphile. Mama Marianne alibaki hata kufa mwaka wa 1918, na Kanisa lilimutangaza mutakatifu mwaka wa 2012. Dutton alikufa mwaka wa 1931. Sheria ya kuwatenga wagonjwa iliondolewa mwaka wa 1969, wakati watu karibu 8,000 walikuwa wamekwisha kupelekwa pale. Leo ukoma unaponyeka kwa dawa za vidonge, lakini haujaisha katika inchi yetu, na mwenye kupona bado hukaa karibu na mulango.

Mwaka wa 1936 Wabelgiji waliomba mwili wa Damiano. Ulitolewa kaburini, ukapelekwa kwa merikebu hata Antwerpen, Mufalme Leopold wa Tatu akaupokea, na ukawekwa Leuven. Wagonjwa wa Molokai walilia siku ile, maana yule aliyekataa kuwaacha aliondolewa kwao bila kuulizwa. Walingoja miaka 59. Alipotangazwa Mwenye Heri huko Brussels, tarehe 4 Juni 1995, waliomba warudishiwe sehemu yake, na wakakubaliwa. Tarehe 11 Oktoba 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimuandika katika hesabu ya watakatifu. Mwili wake ungali Leuven. Lakini kilichorudi Kalawao mwaka ule wa 1995, wakakizika tena katika kaburi la kwanza karibu na kanisa la Mutakatifu Filomena, ni mukono wake wa kuume.